Kidonge kilijaribiwa kwa Walatino, wakakipata wengine: PrEP, bima na makaratasi huko Marekani

#1 Kibarua wa Gulfton (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Kwenye ule uzi wa sindano mpya ya kuzuia VVU nimeona wengi mnaandika kwamba Marekani habari ya Ukimwi ilishakwisha, kila mwenye wasiwasi anameza kidonge chake na maisha yanasonga. Mimi niko Houston. Kazi yangu ni kuchukua damu za vipimo kwenye kliniki moja kusini magharibi mwa jiji, mitaa ambayo ukikaa kituo cha basi unasikia Kihispania kuliko Kiingereza. Wanaokuja kwetu kufuata PrEP wengi ni wanaume wa Kilatino wapenzi wa jinsia moja, kutoka Meksiko, Honduras, El Salvador, Venezuela. Ninachokiona pale hakifanani na mnachoandika.

Kwa wasioijua: PrEP ni dawa anayotumia mtu ambaye HANA virusi, ili asivipate. Ya kwanza ilikuwa Truvada ya kampuni ya Gilead. Kama dawa ya kutibu ilikuwepo tangu 2004, kama kinga ikaruhusiwa Marekani Julai 2012. Akiimeza inavyotakiwa, uwezekano wa mtu kuambukizwa kwa njia ya ngono unapungua kwa asilimia 99 hivi.

Sasa sikilizeni hii, maana ndiyo iliyonikalisha chini niandike. Utafiti uliofungua mlango wa kidonge hiki unaitwa iPrEx, matokeo yake yalitoka 2010. Washiriki walikuwa 2,499, wanaume wanaofanya ngono na wanaume pamoja na wanawake waliozaliwa na maumbile ya kiume. Kati yao 1,400 walitoka Peru, miji ya Lima na Iquitos. Brazil 370, Ecuador 300. Marekani yenyewe ilitoa watu 227 tu. Iquitos ni mji wa katikati ya msitu wa Amazon, hauna barabara inayouunganisha na mtandao wa barabara za Peru, unaingia kwa ndege au kwa boti. Vijana wa huko ndio waliotoa damu zao mwezi baada ya mwezi ili dunia ijue kwamba dawa inafanya kazi.

Twende 2022, miaka kumi tangu kidonge kiruhusiwe. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walikadiria maambukizi mapya 31,800 nchi nzima. Walatino ni kama asilimia 19 ya watu wa Marekani, lakini kwenye hayo maambukizi walikuwa theluthi moja, na wengi wao ni hao hao wanaume. Kuanzia 2018 hadi 2022 maambukizi mapya kwa jumla yalishuka asilimia 12. Kwa Walatino hayakushuka. Na katika watu waliostahili PrEP kitabibu, walioandikiwa dawa walikuwa asilimia 94 kwa Wazungu, 24 kwa Walatino na 13 kwa Weusi. Ndugu zangu wa rangi yangu, hiyo 13 muiangalie vizuri, ingawa leo siyo mada.

Watu wa semina watakwambia shida ni uelewa mdogo na ubabe wa kiume. Sikatai, aibu ipo, na kuna wanaoficha mpaka kwa mama mzazi. Lakini kijana anayefika kwetu mara nyingi anaijua PrEP kuliko baadhi ya madaktari. Anachokosa ni bima, siku ya kupumzika, na karatasi yenye anwani yake.

Bima kwanza. Marekani bima inashikana na ajira. Ukiosha vyombo mgahawani au ukiezeka nyumba za watu kwa malipo ya siku, bima utaitoa wapi? Kuna Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, lakini Texas ni moja ya majimbo yaliyokataa kuipanua. Mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu, hata awe raia, hata awe fukara wa kutupwa, haingii. Asiye na makaratasi ndiyo kabisa: haruhusiwi hata kununua bima kwenye soko la Obamacare (soko la bima lililoanzishwa na sheria ya afya ya Rais Obama) kwa pesa yake mwenyewe, kwa bei kamili. Ndiyo maana ukipima nchi nzima, kwa watu chini ya miaka 65, Walatino wasio na bima ni zaidi ya mara mbili ya Wazungu.

Halafu linakuja lile linaloniudhi kuliko yote. Tangu 1990 kuna mpango wa serikali kuu unaoitwa Ryan White, wenye jina la yule kijana wa Indiana aliyefariki mwaka huo huo. Unamsaidia mtu mwenye VVU asiye na uwezo apate daktari na dawa, na hana haja ya kuwa raia. Mpango mzuri sana, umeokoa watu. Ila fedha zake haziruhusiwi kununua dawa za PrEP. Kwa hiyo mwanaume asiye na makaratasi akija kwetu akiwa salama, tunaanza kuhangaika naye: huku fomu ya kampuni, kule fomu ya kaunti. Akirudi baadaye kipimo kinasoma ana virusi, mlango unafunguka, na dawa anaanza mapema tu. Nimeshuhudia. Aliyekuwa anaulizwa stakabadhi ya mshahara wiki chache nyuma, sasa anapewa mpaka nauli.

Nimalizie na fundi mmoja wa mapaa (nimechanganya habari za watu kadhaa, asitafutwe mtu). Alikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla hatujafungua, buti zina vumbi la lami, kwa sababu gari la kazini linapita saa moja na nusu na asiyekuwepo hana posho ya siku hiyo. Nilimfunga mpira mkononi, akatoa kwenye mfuko wa shati bahasha iliyokunjwa mara nne. Bili ya maabara ya ziara iliyopita. Kidonge alikuwa anapewa bure. Vipimo vya kuruhusiwa kupewa hicho kidonge ndivyo alivyotozwa, mamia ya dola. Akaniuliza kwa Kihispania kama na leo itakuja nyingine. Nikamwambia nitamuuliza msimamizi. Akavuta mkono, akafungua mpira mwenyewe, akasema basi atarudi wiki ijayo. Gari lilikuwa linapiga honi.

Karibuni tujadili.


#2 Ngosha Halisi

Kwa hiyo shida za maji na umeme zimeisha, umeona utuletee mashoga wa Marekani? Waache hayo mambo, hawatahitaji kidonge wala sindano. Mods ondoeni hii takataka.


#3 Shangazi Kidawa

Ngosha, mtu kaandika nusu saa nzima habari za bima na mshahara, wewe umeona neno moja tu. Si umeambiwa mwenye haraka apite? Mleta mada shusha, niko hapa na karanga zangu.


#4 Mchumi Uchwara

Mkuu, nakuheshimu lakini hesabu yako ina tundu. Truvada ya jina ilikuwa karibu dola 2,000 kwa mwezi, hilo tunalijua. Lakini jeneriki ya kwanza, yaani dawa ile ile ikitengenezwa na kampuni nyingine, iliingia sokoni mwishoni mwa 2020, zikafuata nyingine 2021, bei ikaporomoka. Leo mtu anaipata kwa dola 30 hivi kwa mwezi, pengine chini ya hapo. Fundi wa mapaa Houston anashindwa dola 30? Bia za wikiendi ni zaidi ya hiyo. Naona kama umaskini unasingiziwa.


#5 Kibarua wa Gulfton

Mchumi, swali zuri, na ndilo wanalouliza wote waliosoma bei ya kidonge wakaishia hapo.

Kidonge dola 30, sawa. Sasa tuongeze. PrEP haiuzwi kama panadol, lazima iandikwe, na anayeiandika anatakiwa akupime VVU kwanza, figo, homa ya ini B, kaswende, kisonono na klamidia. Kisonono na klamidia kwa wanaume hawa hakipimwi kikojoleo peke yake, kinapimwa koo na njia ya haja kubwa pia, na kila sampuli ni mstari wake kwenye bili. Halafu unarudi kila baada ya miezi mitatu. Weka daktari, weka maabara, weka posho ya siku iliyopotea mara nne kwa mwaka, weka nauli ya mtu asiye na leseni ya udereva kwa sababu Texas haimpi leseni asiye na makaratasi. Kidonge chenyewe ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Mwenye bima hayaoni haya. Juni 2019 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani liliipa PrEP daraja A, na kwa sheria ya Obama daraja hilo lina maana bima italipa bila kukudai senti. Julai 2021 serikali ikafafanua kwamba na vipimo na kumwona daktari vimo humo. Kwa hiyo mhasibu wa ghorofani anapata kila kitu bure, na muosha vyombo wa mgahawa wa chini ya hilo ghorofa analipa kila kitu. Kitu kile kile.

Na usidhani kampuni hazikuwa na msaada. Gilead wana mpango wa kuwapa bure wasio na bima. Lakini fomu inataka uthibitisho wa kipato na makazi. Anayelipwa pesa mkononi, anayelala sebuleni kwa binamu na mkataba wa nyumba una jina la mtu mwingine, atathibitisha nini? Kuna siku tunakaa na mteja tunapekua simu yake tukitafuta ujumbe wowote wenye jina lake na namba ya nyumba.

Kuna na lile la barua. Sheria inamruhusu kijana kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka afike miaka 26. Safi. Lakini kampuni ya bima ina kawaida ya kutuma nyumbani karatasi inayoeleza huduma gani imelipiwa, na jina la juu ya bahasha ni la baba. Tuna vijana waliozaliwa hapa hapa, raia, bima wanayo, na wanaomba kuhesabiwa kama hawana bima ili ile bahasha isiende.

Kwa hiyo bia za wikiendi ziache, mkuu.


#6 Mchumi Uchwara

Nimekuelewa kwenye vipimo. Hiyo ya kila miezi mitatu sikuiweka kwenye hesabu. Kwenye bia sirudi nyuma lakini 😂


#7 Tabibu wa Zamu

Nachangia kidogo kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Ile iPrEx, ukiisoma juu juu, kinga ilikuwa asilimia 44 tu. Watu wengi waliidharau kwa hiyo namba. Lakini walipopima damu, waliokuwa na dawa mwilini kinga yao ilipita asilimia 90. Tofauti yote ilikuwa nani amemeza na nani hakumeza. Hapo ndipo sisi madaktari tunapenda kusema "mgonjwa si mfuasi mzuri wa dawa" tukafunga faili. Mtu anayehama chumba kila miezi miwili, anaficha chupa chini ya godoro wenzake wanane wasiione, atamezaje kila siku saa ile ile?

Na hili si geni. Kuna utafiti wa Rafael Díaz, George Ayala na wenzao, ulichapishwa 2001. Walihoji wanaume 912 wa Kilatino wapenzi wa jinsia moja kwenye kumbi za Miami, New York na Los Angeles. Waliwauliza mambo ambayo watu wa Ukimwi wakati huo hawakuwa na kawaida ya kuuliza: umewahi kukosa pesa ya chakula, umewahi kubaguliwa kwa lafudhi au rangi yako, ulipokuwa mtoto uliambiwa nini kuhusu wanaume wa namna yako. Walioumizwa zaidi na hayo matatu, umaskini, ubaguzi wa rangi na chuki, ndio waliokuwa na msongo zaidi, na ndio waliokuwa kwenye mazingira hatarishi zaidi ya ngono. Hiyo ni miaka kumi na moja kabla Truvada haijaruhusiwa kama kinga. Walioandaa mpango wa kidonge walikuwa na ramani mezani.


#8 Nyakio wa Thika

Hamjambo wote. Mimi nimesoma nikashangaa kidogo, maana hapa Kenya PrEP imekuwa bure kwenye hospitali za serikali tangu 2017. Na sisi pia tulijaribiwa: ule utafiti wa wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana ulifanyika Kenya na Uganda, na Thika ilikuwa kituo kimojawapo. Lakini angalau ikarudi kwetu.

Nasema "ilirudi" kwa tahadhari. Mapema 2025 Marekani waliposimamisha misaada halafu wakaruhusu kiasi, ruhusa ya PrEP kwa pesa za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kusaidia nchi nyingine kupambana na Ukimwi, ilibaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Wanaume wa aina anayoongelea mleta mada, na hata wasichana wetu wa kawaida, wakaachwa nje. Kwa hiyo ndugu yangu wa Houston, aliyekufungia mlango huko ndiye aliyetufungia huku.


#9 Ngosha Halisi

Nimerudi, msinifukuze. Tuache ushoga pembeni. Swali langu ni hili: mtu ameingia nchi ya watu kinyume cha sheria, kwa nini mlipa kodi wa Texas amnunulie dawa ya starehe zake? Hata hapa kwetu mgeni asiye na kibali tusingemhudumia.


#10 Kibarua wa Gulfton

Ngosha, sasa umeuliza swali la mtu mzima, nakujibu.

Moja, kodi analipa. Akinunua buti analipa kodi ya mauzo, na wengi wana namba ya kodi isiyohitaji uraia, wanajaza kila mwaka kwa matumaini kwamba itawasaidia siku moja mbele ya hakimu wa uhamiaji.

Pili, shika kikokotoo. Jeneriki kwa mwaka ni dola mia tatu na ushee, weka vipimo juu. Kumtibu mtu mmoja VVU maisha yake yote Marekani inakadiriwa zaidi ya dola 400,000, na hiyo ya pili mlipa kodi wako anailipa kupitia Ryan White. Mimi sijasoma uchumi, lakini sijaona duka linalokataa kukuuzia kufuli likakubali kukulipia kila kilichoibiwa.

Tatu, si wote ni wageni. Wapuertoriko, watu wa kisiwa cha Puerto Rico kilicho chini ya Marekani, ni raia tangu 1917, na mji wao mkuu San Juan umo kwenye orodha ya maeneo ambayo mpango wa 2019 wa kumaliza VVU uliyachagua kwa sababu maambukizi yamezidi. Makaratasi wanayo. Ila fedha za Medicaid kule kisiwani zimewekewa ukomo ambao majimbo hayana. Ukiondoa suala la uhamiaji lote, bado tofauti inabaki.


#11 Mama Zawadi, Los Angeles

Kibarua, pole na Texas yako. Huku California tulikuwa tumefika mahali. Januari 2024 jimbo lilifungua Medi-Cal, yaani Medicaid ya California, kwa wote wenye kipato kidogo, wawe na makaratasi au wasiwe nayo, kundi la mwisho kuingia likiwa la miaka 26 hadi 49, umri ule ule wa hawa vijana. Nafanya usafi hospitali, na nilikuwa naona wanaume waliokuwa wanakuja dharura usiku tu wameanza kuja mchana kama watu wengine, wana kadi.

Halafu Juni 2025 ikaja kamatakamata ya maafisa wa uhamiaji. Walikamata watu kwenye maegesho ya maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye magereji ya kuosha magari. Wiki ile vyumba vya kusubiria vilikuwa vitupu, viti tu. Mtu ana kadi, dawa yake ni bure, ila kutoka nyumbani kwenda kuichukua ndiyo hatari yenyewe. Na kuanzia Januari 2026 jimbo limefunga kuandikisha watu wazima wapya wasio na makaratasi, bajeti haitoshi. Walioingia wamebaki, aliyechelewa kachelewa.


#12 Kibarua wa Gulfton

Mama Zawadi shikamoo. Huku nako kuna amri ya gavana ya Agosti 2024: kuanzia Novemba mwaka huo hospitali zinatakiwa kumuuliza mgonjwa kama yuko nchini kihalali na kuripoti gharama. Mgonjwa halazimiki kujibu, na jibu lake halizuii matibabu, imeandikwa hivyo kabisa. Lakini nani ataisoma hiyo sentensi ya pili? Kliniki yetu si hospitali, hatuulizi, na bado nimepigiwa simu na watu wakitaka kujua kama "swali" lipo kwenye fomu yetu.


#13 Wakili wa Kona

Kwenye ile daraja A aliyoigusa mleta mada, kidogo iondoke yote. Kampuni moja ya Texas, Braidwood Management, ilienda mahakamani ikidai kugharamia PrEP kwa wafanyakazi wake ni kuilazimisha kushiriki jambo linalopingana na dini yake, na kwamba lile jopo la wataalamu halikuteuliwa kikatiba. Jaji wa Texas akawapa. Ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 27 Juni 2025 majaji sita kwa watatu wakasema jopo ni halali. Watu wakashangilia. Ila someni sababu: ni halali kwa kuwa Waziri wa Afya anaweza kuwafukuza wajumbe wake na kuyazuia mapendekezo yao. Kinga ya bure imebaki, funguo kakabidhiwa waziri. Na huyo fundi wa mapaa asiye na bima, kesi nzima ilipita juu ya kichwa chake. Hakuwa na cha kupoteza humo.


#14 Mchumi Uchwara

Nataka nimchokoze mtu wa Gilead kama yupo humu. Fedha za utafiti wa msingi wa PrEP kwa kiasi kikubwa zilikuwa za walipa kodi wa Marekani, CDC wakasajili hataza zao (haki za uvumbuzi). Novemba 2019 serikali ikaishtaki Gilead kwa kuzitumia bila leseni. Mei 2023 baraza la wazee wa mahakama kule Delaware likaipa Gilead ushindi, na Januari 2025 wakamalizana nje ya mahakama.

Sasa tazama sindano mpya, lenacapavir, unachomwa mara mbili tu kwa mwaka. Imeruhusiwa Marekani kama kinga Juni 2025, bei ya orodha ni dola 28,218 kwa mwaka. Jaribio lake la wanaume, PURPOSE 2, lilifanyika Argentina, Brazil, Meksiko, Peru, Afrika Kusini, Thailand na Marekani, na waliochomwa sindano, 2,179, walioambukizwa walikuwa wawili tu. Oktoba 2024 Gilead wakatoa leseni kwa watengenezaji sita wa jeneriki kuhudumia nchi 120. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda imo. Argentina, Brazil, Meksiko na Peru hazimo, eti kipato chao ni cha kati. Peru tena! Jeneriki imeahidiwa kwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, na waliochomwa sindano za majaribio Lima wataisoma kwenye gazeti.

Kibarua, nimeanza uzi huu nikikupinga. Hii ya Peru mara mbili imenimaliza.


#15 Tabibu wa Zamu

Na kwa mtu wa Houston anayehama chumba kila miezi miwili na kuficha chupa, sindano ya mara mbili kwa mwaka ndiyo ingemfaa kuliko yeyote. Hana cha kuficha, hana cha kusahau. Ndiye pia wa mwisho kuiona.


#16 Kibarua wa Gulfton

Kwetu mpaka sasa waliochomwa lenacapavir nawahesabu kwa vidole, na wote wana bima za kazini. Mmoja ni mwalimu, Mlatino, kazaliwa San Antonio, bima safi. Nalitaja hilo kwa sababu kuna watu humu watasema ni utamaduni wa Kilatino. Mwalimu ana utamaduni huo huo, sala hizo hizo, mama yake anamuuliza kila Krismasi ataoa lini. Ila ana likizo ya ugonjwa yenye malipo.


#17 Mpita Njia 88

Mleta mada, nimekaa kimya muda mrefu. Nipo Dallas, mbeba boksi, viza ilishaisha. Sijibu maswali ya Ngosha kuhusu maisha yangu. Nataka kujua tu mtu kama mimi anaanzia wapi. Sina bima. Kihispania sijui, ila naona shida ni ile ile.


#18 Kibarua wa Gulfton

Ndugu, karibu, na hakuna atakayekuuliza cha zaidi hapa.

Tafuta kituo cha afya cha jamii kinachopata ruzuku ya serikali kuu, Dallas vipo. Vinatakiwa kutoza kulingana na kipato. Piga simu kwanza kabla hujaenda, kwa sababu Julai 2025 wizara ya afya ya Marekani ilitangaza tafsiri mpya inayotaka kuwaondoa wasio na makaratasi kwenye huduma hizi, majimbo kadhaa yakaipinga mahakamani, Texas haikuwa kati yao. Uliza hivi hivi: "Mnampokea mtu asiye na bima, na mnadai nyaraka gani?" Wasipokujibu vizuri, piga kingine. Kaunti nayo ina mpango wake wa wakazi wa kipato kidogo, kwa hiyo kusanya chochote chenye jina lako na anwani: bili ya simu, barua ya mwenye nyumba.

Ukifika, sema unataka jeneriki. Na kabla hawajakuchoma sindano ya damu, muulize mchukua damu sampuli inapelekwa maabara gani na bili itakwenda kwa nani. Wakisema itakuja kwako, omba waiweke kwenye punguzo la kituo hapo hapo, kwa maandishi. Una haki ya kuuliza mkono ukiwa bado haujafungwa mpira. Usiingize jina la mtu mwingine wala bima ya rafiki, hilo litakuletea balaa.

Na kama kuna kilichotokea ndani ya siku hizi tatu, acha kusoma huu uzi. Dawa ya dharura inaitwa PEP, inatakiwa ianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, unameza siku 28. Nenda chumba cha dharura cha hospitali yoyote leo, wanalazimika kukuona hata kama huna pesa. Bili tutaipigania baadaye. Njoo inbox.


#19 Mpita Njia 88

Ni jana usiku. Nakuja inbox.